Marais Wanane, Barabara Moja

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliposainiwa hapa Arusha, 30 Novemba 1999, wenye nchi walikuwa watatu. Watatu unavumilia. Wakaja Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Wasomi wakahesabu wanachama, abiria wa kifodi (daladala) cha Usa River akahesabu misafara. Maana wakija Arusha kwenye mkutano wao, marais hawachangii gari, jamani! Kila mmoja anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa saa yake, na kila mmoja anafungiwa barabara, ile ile.

KIA hadi mjini ni kama kilomita 50. Wajanja watakwambia upite baipasi ya Ngaramtoni. Pita, itakutema Usa River. Kuanzia hapo, Maji ya Chai, Kikatiti, mpaka njia panda ya KIA, lami ni moja, yako na ya mheshimiwa.

Dalili huanza siku mbili tatu kabla. Mawe ya pembeni yanapakwa chokaa, mashimo yaliyozeeka yanazibwa usiku mmoja, machinga wanaambiwa wasogee. Bendera zinapanda nguzoni, na yetu ndiyo hupata tabu: kijani kinatakiwa juu upande wa mlingoti, bluu chini, lakini aliye kwenye ngazi saa saba mchana anachotaka ni kushuka.

Siku yenyewe kila kichochoro kina askari. Hafungi kwa kuwa msafara umefika. Anafunga kwa kuwa redio imesema ndege inakaribia. Ndege ikizunguka angani, amri ya kufungua hana. Zima injini, mafuta ni yako.

Sasa sikiliza. Gari la kwanza lenye king'ora siyo msafara, hilo linasafisha njia. Hakosi wa boda anayeliona likipita, akatia gia, akakutana uso kwa uso na pikipiki za polisi. Nyuma ya pikipiki ndiyo yanakuja magari meusi, mawili matatu yanayofanana makusudi, usijue mkubwa kakaa lipi (ukitaka kupunga mkono, punga kwa yote). Halafu mawaziri, waandishi kwenye Coaster, ambulensi. Ambulensi imepita? Tulia bado, kuna gari la polisi la kufunga mkia. Likishapita, ondoka. Umekaa saa nzima kwa jambo la chini ya dakika moja.

Ikiangukia Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru, ndiyo balaa. Mikungu ya ndizi imejaa kwenye Fuso, na ndizi haijui itifaki, inaiva tu. Na huko ukumbini wanajadili nini? Soko la Pamoja! Watu na bidhaa watembee bila vikwazo, jambo lililoanza kutumika Julai 2010. Yaani parachichi la kwenda Nairobi limesimama juani Tengeru likiwasubiri wanaokwenda kujadili namna ya kuliharakisha.

Na taarifa ya habari ikisema mkutano umefungwa kwa mafanikio, usikimbilie stendi. Wageni saba lazima warudi KIA, kila mmoja na ving'ora vyake. Wa nane ni wa kwetu, naye ana ndege ya Dodoma. Nane kuja, nane kuondoka, kumi na sita. Usiseme basi yupo atakayetuma mwakilishi: mwakilishi naye ana msafara.