Ada ya televisheni ya umma: itozwe kaya, si kifaa, na bei asipange waziri

Januari 2016 Bunge la Tanzania liliambiwa kwamba TBC, shirika la utangazaji la umma, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wengi hawakuiamini, na mpaka leo ukiligusa jambo hilo mazungumzo yanageuka siasa tupu. Tubaki kwanza kwenye hesabu. Bilioni 4.2 ni mita 700,000 za umeme zikikatwa shilingi 500 kila mwezi. Mia tano. Kwa pesa hiyo mpiga kura wa Nachingwea angemwona mbunge wake akisimama na swali la nyongeza, na angeona pia siku ambazo kiti chake kiko wazi.

Ndiyo maana naunga mkono ada ya lazima. Ruzuku huja hazina inapopenda, na anayeitoa ndiye anayetakiwa kubanwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Matangazo ya biashara hufuata wanunuzi, na kampuni ya sabuni haina sababu ya kudhamini kipindi cha bei ya korosho. Ukiiweka chaneli ya umma kwenye kifurushi cha kulipia, wa kwanza kuzimiwa ni yule aliyeihitaji kuliko wote. Tunabaki sisi wenyewe, kila nyumba itoe kidogo.

Ila ada ya lazima inaweza kufanywa vibaya sana, na Uingereza ni mfano mzuri wa ubaya huo. Leseni ya televisheni, ambayo ndiyo inayoigharamia BBC, ilianza kule mwaka 1946 kwa pauni 2. Aprili 2025 ilipanda hadi pauni 174.50 kwa mwaka, na ile ya mwenye runinga isiyo na rangi ikawa pauni 58.50. Leseni inahitajika ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, hata kwa simu, na tangu Septemba 2016 hata ukitazama vipindi baada ya kurushwa kwenye iPlayer, huduma ya mtandaoni ya BBC. Ukitazama filamu za Netflix peke yake huihitaji. Basi wakaguzi wanalazimika kubisha hodi na kuuliza: unatazama nini humu ndani? Hawana ruhusa ya kuingia bila hati ya mahakama, kwa hiyo ushahidi wao mara nyingi ni maneno ya aliyefungua mlango. Anayefungua mlango mchana ni aliyeko nyumbani na watoto. Matokeo yake, zaidi ya theluthi mbili ya wanaotiwa hatiani ni wanawake, wakati leseni ni ya nyumba nzima. Na kosa hilo ni la jinai, faini yake inafika pauni 1,000. Kumfikisha mama mahakamani kwa ajili ya runinga ni aibu, hata kama vipindi ni vizuri kiasi gani.

Afrika Kusini nako wamefunga ada kwenye kifaa. Leseni ya SABC, shirika lao la utangazaji la umma, ni randi 265 kwa mwaka, na sheria inamtaka muuza duka aione leseni kabla hajakuuzia runinga. Anayenunua ya mtumba kwa jirani haulizwi na mtu. SABC yenyewe imeripoti kwamba zaidi ya wanne kati ya watano wanaodaiwa hawalipi. Ada ya namna hiyo imebaki kuwa ya waaminifu peke yao.

Ujerumani walikuwa na wabisha hodi kama wa Uingereza, wakaachana nao. Tangu Januari 2013 hakuna anayeuliza kama una runinga, redio au simu. Kila makazi yanalipa mchango mmoja, wanauita Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi tangu mwaka 2021. Ndugu zetu wanaohamia kule wanaijua barua yake: ukishajiandikisha anwani, jina lako linafika kwa wakusanyaji wa mchango kutoka kwenye ofisi ya wakazi. Kosa la wengi ni kuitupa barua kwa kuwa hawana runinga. Deni linaanza kuhesabiwa tangu mwezi uliohamia, linaongezewa faini isiyopungua euro 8, na mwisho linakabidhiwa kwa wakusanya madeni wa mji. Mkiwa wanne kwenye nyumba moja, analipa mmoja, na wengine watatu wanajibu barua zao kwa kuandika namba ya mchango ya huyo mwenzao. Anayeishi kwa msaada wa serikali anasamehewa, lakini lazima aombe mwenyewe na kuambatisha barua ya msaada. Bila kuomba, hakuna msamaha.

Lakini kilicho bora zaidi kwa Wajerumani ni namna bei inavyopangwa. Vituo vinapeleka mahitaji yao kwenye tume iitwayo KEF, yenye wataalamu 16, mmoja kwa kila jimbo. Tume inapitia, inakata, inapendekeza kiwango, kisha mabunge ya majimbo yote 16 yanapaswa kuridhia. Mwishoni mwa 2020 jimbo la Sachsen-Anhalt lilikwamisha nyongeza ya senti 86. Vituo vikaenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2021 mahakama ikaamua kwamba jimbo moja halina haki ya kuzuia pesa hiyo bila sababu inayokubalika kisheria, ikaamuru nyongeza ianze. Senti 86 zilipelekwa hadi mahakama ya juu kabisa kwa sababu kila mtu alielewa kwamba anayeshika bei ameshika chumba cha habari. Uingereza, kinyume chake, waziri alitangaza Januari 2022 kwamba leseni itabaki pauni 159 kwa miaka miwili, na ikabaki, huku bei za vitu vingine vyote zikipaa.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, ililipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza mpaka 2014. Tangu hapo sehemu kubwa ya pesa ya matangazo ya dunia hutoka kwenye leseni za kaya za Waingereza. DW Kiswahili, idhaa ya Ujerumani, inalipwa kwa kodi ya serikali kuu ya Ujerumani, nje kabisa ya ule mchango wa makazi. Miaka yote hiyo tumesikiliza habari za kwetu kwa pesa ya watu wa mbali, halafu shilingi 500 ya nyumbani tunaiona kubwa.

Sasa tuje kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, maana njia ya kukusanya tayari tunayo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, na mwaka 2023 nyumba ya kawaida ilipandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Malalamiko yake tunayajua: mpangaji anamlipia mwenye nyumba, na aliyekaa miezi mitatu bila kununua umeme anakuta deni la miezi yote limemeza tokeni yake. Lalamiko la kwanza haligusi ada ya utangazaji, kwa sababu anayetakiwa kuilipa ni anayeishi humo, awe mpangaji au mwenye nyumba. La pili linaigusa sana. Chukua nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, ambako wapangaji wananunua umeme kwa zamu. Aliyeangukiwa na zamu ya tarehe 1 ndiye atakayekatwa 500 ya wote, na ugomvi utaanza asubuhi ile ile.

Dawa yake ni kutokata kwa mkupuo. REA, wakala wa umeme vijijini, wanachukua asilimia 3 ya kila manunuzi, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, na hakuna anayelala na deni lao. Ada ya utangazaji ichukuliwe hivyo hivyo: asilimia 2 ya kila manunuzi mpaka itimie 500 kwa mwezi, kisha isimame. Umeme wa 10,000 utakatwa 200. Anayefikisha 25,000 atakuwa amemaliza mwezi wake. Nyumba iliyofungwa haidaiwi kitu. Mteja wa D1, yule asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, asamehewe moja kwa moja bila fomu wala foleni, kwa sababu mfumo unamtambua tayari. Kwa kodi zote uniti 75 kwa bei yake ni kama shilingi 9,150, na asilimia 2 yake ni 183 tu. Usumbufu wa kuidai ni mkubwa kuliko pesa yenyewe. Ni kweli kwamba kwa njia hii wengi hawatafika 500, kwa hiyo mita 700,000 hazitatosha kufikia ile bilioni 4.2. Zitahitajika mita nyingi zaidi, na makusanyo yatapanda na kushuka na manunuzi ya umeme. Naikubali hasara hiyo kuliko kuwarundikia watu madeni. Mwenye sola asiye na mita atabaki nje, na abaki.

Kwenye ujumbe wa LUKU ada hii iwe na mstari wake, kwa jina lake. Isichanganywe na deni wala kodi nyingine, ili mtu anayekatwa 200 ajue amekatwa kwa ajili ya nini na ajue nani wa kumuuliza.

Hayo yote, hata hivyo, yasianze kabla sheria ya TBC haijabadilishwa. Leo Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais. Ukiongeza ada ya lazima juu ya mpangilio huo, umemlazimisha mwananchi alipie chombo ambacho hana njia ya kukiwajibisha. Kwanza iwepo tume ya kupanga kiwango, ikae miaka minne minne, ripoti yake ya mahitaji ichapishwe kabla Bunge halijapiga kura, na waziri asiwe na uwezo wa kupunguza wala kusimamisha kiwango katikati. Pesa iende kwenye akaunti ya shirika bila kupitia hazina. Bodi iteue mkurugenzi kwa usaili wa wazi. Na sheria iandike kwa maneno kwamba vikao vya Bunge vitarushwa moja kwa moja, vyote, maswali na majibu pamoja na mijadala ya bajeti. Vikikatwa hata siku moja bila sababu ya kiufundi, makato kwenye mita yasimame siku hiyo hiyo.