Wikendi moja haitoshi

Kuna makala nimesoma inayosema mhudumu wa wateja aliyechoka kihisia alale wikendi nzima, Jumatatu atakuwa sawa. Hapo sikubaliani kabisa. Uchovu wa mwili huisha kwa usingizi. Huu wa kihisia unaotokana na kazi, yaani "burnout", unaamka nao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona huna ufanisi tena. Hiyo ya pili watu huidhania kiburi: mteja analia kwenye simu, nawe moyoni husikii chochote, unangoja tu akate.

Kwanza pima damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, huleta uchovu kama huu. Halafu omba likizo, na si siku mbili mbili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 uliyofanya kazi. Chukua wiki mbili mfululizo. Wengi hukosea hapa: wanaenda ushago na grupu ya WhatsApp ya kazini bado inalia mfukoni. Izime! Amka saa ile ile kila siku, chai ya mwisho iwe saa nane mchana. Ukirudi, zamu za usiku zipunguzwe. Mzigo ukibaki ule ule utaanguka tena. Na huzuni ikikaa wiki mbili, au ukiwaza kufa, nenda hospitali leo, ndugu yangu, usingoje likizo.