Kundi Likirudiana, Fedha za Jukwaani Zigawanywe Sawa

Mwezi uliopita mpiga ngoma wa kundi letu la zamani aliniita nyumbani kwake Kamalondo, akanieleza kwamba hatapanda jukwaani pamoja nasi mpaka ajue atapata fungu gani. Tulikuwa vijana wanne tuliopiga roki hapa Lubumbashi, tukaachana, na sasa tumeombwa kupiga tena kwa usiku mmoja. Mwimbaji wetu, ambaye magitaa na vipaza sauti vyote ni mali yake, anataka nusu ya malipo. Wenzangu wanasema mpiga ngoma anavunja undugu kwa ajili ya fedha. Mimi naona kwamba yeye ndiye anayeulinda.

Hapa kwetu tunajua tangu zamani kwamba mwenye vyombo ndiye rais wa okestra. Kwa makundi makubwa ya roki ya Marekani na Uingereza, ambako gitaa si kitu adimu, mamlaka yamo katika jina la kundi na haki za nyimbo, na mara nyingi hali hiyo hudhihirika siku wanaporudiana, kwa sababu safari hii kila mmoja huja na mwanasheria wake.

Chukueni Eagles, kundi la Marekani. Walivunjika mwaka 1980, wakarudiana mwaka 1994, na Glenn Frey, mmoja wa waimbaji wake, mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba alikuwa ameweka sharti: yeye na mwenzake Don Henley walipwe zaidi ya wengine, la sivyo asingerudi. Don Felder, mpiga gitaa ambaye muziki wa "Hotel California" ulianzia mikononi mwake, alikubali shingo upande, akaendelea kuuliza juu ya hesabu, na mwaka 2001 akafukuzwa. Alikwenda mahakamani, na shauri hilo likamalizwa kwa mapatano mwaka 2007. Kinachoniuma katika habari hiyo ni kwamba Felder alikuwa mmoja wa wenye hisa katika kampuni ya kundi, lakini hisa zake hazikumpa sauti mbele ya watu wawili ambao bila wao kusingekuwa na ziara.

Najua jibu la wanaomtetea mwimbaji wetu: aliyetunga nyimbo na anayetazamwa na watu anastahili zaidi. Mtunzi anastahili, nami simnyimi, lakini malipo yake yamo katika haki za utunzi, ambazo anaendelea kuzipokea hata akiwa amelala. Jukwaani ni kazi nyingine, inayofanywa usiku ule na mikono yote iliyopo. Tena utunzi wenyewe haumlindi mtu: mpiga gitaa Izzy Stradlin alishiriki kutunga nyimbo nyingi zilizoijenga Guns N' Roses, lakini kundi liliporudi mwaka 2016 alibaki nje, akisema wenzake hawakutaka kugawana sawa.

The Police wananipa ushahidi mwingine. Mpiga ngoma Stewart Copeland ndiye aliyeanzisha kundi hilo la Uingereza mwaka 1977, ila mwimbaji Sting alitunga karibu nyimbo zote zilizolipatia sifa, na mwanzilishi akajikuta nyuma ya mtu aliyemwalika mwenyewe. Hata hivyo Sting, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijaza kumbi kwa jina lake peke yake, alihitaji wenzake wawili ili kuuza ziara ya 2007 na 2008. Sisi Wakongomani tulilishuhudia jambo hilo Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, Wenge Musica, iliyopasuka mwaka 1997, ilipokutana tena. Kati ya nyota wake wa zamani, JB Mpiana ana kundi lake na Werrason ana lake, na mpenzi wa muziki angeweza kumwona kila mmoja kwa wakati wake. Siku ile watu walifuata kuwaona pamoja. Kama bidhaa inayouzwa ni huko kuwa pamoja, sioni kwa haki gani mmoja achukue nusu.

Nimemwandikia mwimbaji wetu nikipendekeza kwamba kwanza alipwe kodi ya vyombo vyake, kwa bei ambayo angemtoza mgeni yeyote, kisha kinachobaki kigawanywe mafungu manne yaliyo sawa, na tuandikiane kabla ya mazoezi ya kwanza. Bado hajanijibu. Kama atakataa, nami nitabaki Kamalondo na mpiga ngoma.