Pweza Aliyemeza Diski ya Mzee

Mzee mwenye studio yetu ya video za harusi, hapa Dar, alichoka kusikia "diski imekufa na ndoa ya watu imo humo". Akanunua mashine tatu za mtumba, kila moja na RAM ya GB 16, SSD ndogo ya mfumo na diski mbili za TB 4. Nikaambiwa nisimamishe Ceph, programu inayounganisha diski za mashine kadhaa kuwa ghala moja la data. Jina lenyewe limetokana na jamii ya pweza. Ningeshtuka hapo hapo.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Nikaweka Podman (ya kuendesha programu ndani ya kontena), LVM (ya kugawa diski) na chrony (ya kulinganisha saa) kwenye mashine zote. Chrony si pambo: saa za mon, yaani walinzi wanaofuatilia hali ya klasta (kundi zima la mashine), zikipishana zaidi ya sekunde 0.05, Ceph inaanza kununa. Nikapiga `cephadm bootstrap --mon-ip` na anwani ya mashine ya kwanza, nikanakili ufunguo wa `/etc/ceph/ceph.pub` kwenye zile mbili (bila huo, `ceph orch host add` inagoma), nikaziunga. Mon zikawa tatu, ikianguka moja mbili bado ni wengi.

Kisha uvivu ukaniingia. Badala ya kutaja diski moja moja, nikaandika `ceph orch apply osd --all-available-devices`. OSD sita (kila OSD ni programu inayosimamia diski moja) zikasimama, 0 hadi 5, nikajipigia makofi peke yangu.

Mzee akaja kukagua. "Nimenunua TB 24. Mbona za kutumia naona nane tu?"

"Kila kitu kinawekwa nakala tatu, Mzee, moja kila mashine."

"Haya, basi nijaze hizo nane?"

"Hapana. Diski ikifika asilimia 85 inaanza kulalamika, ikifika 95 klasta inakataa kuandika."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jumatatu akaja na diski mpya kabisa, TB 4, bado inanukia dukani. "Kijana, nifomatie hii unitilie ile harusi ya Tanga. Mteja anaifuata saa kumi." Nafasi ya SATA ilikuwa kwenye mashine ya tatu tu. Nikaizima, mbili zilizobaki zikaendelea kuhudumia, nikachomeka, nikawasha, nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Niliporudi nikakuta kuna osd.6.

Ile amri, jamani, haifanyi kazi mara moja ikaisha. Ni agizo la kudumu: diski yoyote isiyo na partisheni, isiyo na mfumo wa mafaili, yenye zaidi ya GB 5, ikichungulia tu inakamatwa. Diski mpya ya dukani ina sifa zote hizo, kama bwana harusi aliyechaguliwa na shangazi.

Nikapiga `ceph orch osd rm 6 --zap`. Data ikahamishwa kwanza, OSD ikaondoka, diski ikafutwa ikawa safi. Safi! Yaani imepakuliwa tena mezani. Dakika chache baadaye osd.6 huyo, na namba ileile, maana namba iliyo wazi hupewa anayefuata. Nikaitoa. Ikarudi. Mara ya tatu nikaanza kushuku mkono wa mtu.

Saa tisa na nusu Mzee akachungulia skrini, akaona TB 28. Uso ukamchanua. "Kumbe imezaa!"

Ikabidi nimwambie kwamba za kutumia bado ni nane. Kila mashine inashika nakala kamili, na mbili kati ya hizo bado zina TB 8 kila moja. Pweza kameza TB 4 na hajanenepa hata kidogo.

Dawa ilikuwa maneno mawili mwishoni mwa amri yangu mwenyewe: `ceph orch apply osd --all-available-devices --unmanaged=true`. Hiyo kwanza, ya kuiambia Ceph iache kukamata diski yenyewe, kutoa diski baadaye. Mimi muda wote huo nilikuwa nakumba maji kwenye ngalawa bila kuziba tundu. Mteja aliondoka na harusi yake saa moja usiku, soda tatu tumboni, zote kwa gharama yangu.

Kesho yake nikakuta Mzee kabandika karatasi kwenye mashine: "UKICHOMEKA KITU HAPA HAKIRUDI." Fundi umeme alipokuja Ijumaa aliisoma mara mbili, akaenda kuchomeka drili yake kwa jirani.