Uovu Ulipopewa Ulimi

Chini kabisa ya jehanamu ya Dante, mshairi wa Italia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 14, Shetani amenasa kwenye barafu hadi kifuani. Ana nyuso tatu, na kila kinywa kinamtafuna msaliti mmoja: Yuda, na Brutus na Cassius waliomuua Julius Kaisari. Machozi na mate ya damu yanachuruzika videvuni. Hasemi neno. Msomaji aliyeshuka ngazi zote zile akitarajia kumsikia mkuu wa waasi akijitetea anaambulia patupu.

Mwaka 1667 Mwingereza John Milton anachapisha utenzi wake juu ya Paradiso iliyopotea, na Shetani yuleyule ana ulimi, tena mtamu. Anahutubia jeshi lake lililoshindwa, anasema heri kutawala kuzimu kuliko kutumika mbinguni, na ukimsoma kwa sauti unajikuta unaitikia. Zaidi ya karne moja baadaye mshairi William Blake alidai kwamba Milton alikuwa upande wa Shetani bila mwenyewe kujua.

Kwa kawaida tunafundishwa kwamba uovu katika fasihi umesafiri kutoka nje kwenda ndani: zamani zimwi lilikaa porini, siku hizi limehamia moyoni. Si uongo, ila kwangu swali lenye faida zaidi ni hili: mwovu anaruhusiwa kusema, au anasemewa tu?

Wanaotaka asikilizwe wana hoja nzito. Katika masimulizi ya kale jina huwa limekwisha kumhukumu mhusika kabla hajafumbua mdomo. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert aliwapa ndugu wawili wa Adili majina ya Hasidi na Mwivu. Ukishayasikia majina hayo, cha kuuliza huna. Kitabuni mtindo huo una raha yake. Balaa huanza hukumu ya namna hiyo inapobandikwa watu halisi. Ulaya, katika miaka ya 1480, kiliandikwa kitabu cha kuwaelekeza mahakimu jinsi ya kumtambua na kumhukumu mchawi, na mwanamke aliyetiliwa shaka alikuta habari zake zimeshaandikwa bila yeye kuulizwa. Chinua Achebe naye, katika mhadhara wake wa 1975 dhidi ya Joseph Conrad, alilalamika kwamba riwaya ya Conrad, Heart of Darkness, imewageuza Waafrika kuwa giza la kumtisha Mzungu, na karibu iwanyime lugha kabisa.

Ndiyo maana riwaya ya Mary Shelley ya 1818 ilikuwa hatua kubwa. Kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi Frankenstein anaomba jambo moja kwanza: asikilizwe. Anapewa sura nzima nzima katikati ya kitabu, na anasema alizaliwa mwema, dhiki ndiyo iliyomharibu. Nani atabaki na moyo mgumu?

Lakini hebu tumtazame Justine. Ni mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein. Kiumbe anamnyonga mtoto William, mdogo wake Frankenstein, anamtilia Justine kidani cha marehemu kwenye nguo zake, na binti wa watu ananyongwa kwa kosa lisilo lake. Niwaulize waliosoma: mnakumbuka maneno yake hata mawili? Mimi ilinibidi nirudi kitabuni. Hapo wanaopinga mwovu kupewa ulimi wana haki. Kurasa tunazompa muuaji atueleze utoto wake hazitoki hewani; aghalabu zinakatwa kwenye fungu la aliyeuawa. Fasihi ya karne mbili hizi imekuwa hodari wa kumwelewa mtenda, na mtendewa ameachwa awe tukio.

Kisha kuna suala la kuaminika. Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi, aliposhtakiwa Jerusalem mwaka 1961 kwa kuratibu usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, alisema sana. Mwanafalsafa Hannah Arendt alimsikia karani anayeongea kwa maneno ya kukariri, mtu asiyefikiri, na mwaka 1963 akaupa ulimwengu wazo la uovu wa kawaida, usio na pembe wala mkia. Wazo lenyewe lina nguvu. Ila waliochambua mahojiano aliyoyatoa Argentina kabla ya kukamatwa wamemkuta muumini mkali, anayejivunia kazi yake. Huenda ule ukarani ulikuwa vazi la mahakamani.

Kinachoniharibia mpangilio wa zama ni Iago, mwovu wa tamthilia ya Othello. Shakespeare alimwandika mwanzoni kabisa mwa karne ya 17, kabla Milton hajazaliwa, na mchezo mzima Iago hafungi mdomo. Anatupa sababu za chuki yake moja baada ya nyingine: kunyimwa cheo, wivu juu ya mkewe. Hakuna inayotosha. Mwishoni, Desdemona, mke wa Othello, amelala maiti kitandani, Othello anataka kujua kwa nini alimtega. Iago anajibu kwamba kuanzia sasa hatatamka neno. Mmoja wa waliopo anasema mateso yatamfumbua midomo. Mchezo unakwisha kabla hatujasikia kitu.