Profaili ya kudumu si likizo ya mtihani, lakini hesabu yake ina kasoro

Kuna uvumi unazunguka sana kwa magrupu yetu ya WhatsApp, sisi Waswahili tulio Army Reserve na National Guard, yaani jeshi la akiba huku Marekani, ati daktari akishakupa profaili, ile karatasi ya jeshi inayosema mwili wako hauwezi nini, basi umemalizana na mtihani wa mwili, unakaa pembeni na kahawa yako ukiangalia wenzako wakitoa ulimi. Sijui nani alianzisha hii stori lakini imeshaponza watu. Unakuta mtu ana karatasi yake mkononi anaringa nayo, mwaka unaisha, hana alama yoyote kwenye mfumo, kisha anashangaa kuona wamemflagi, na ukiflagiwa ujue faili lako limefungwa, cheo hupandi mpaka hiyo flagi itoke.

Wacha niliweke hili wazi kabisa manake nimechoka kulirudia inboksi. Profaili ya muda inasogeza mtihani mbele. Profaili ya kudumu inaubadilisha. Hakuna mahali imeandikwa inaufuta tu hivi hivi.

Kwa wale hawajui haya mambo, kila askari ana namba sita chini ya kitu kinaitwa PULHES, kila herufi inasimamia sehemu yako: nguvu za mwili kwa jumla, mikono na mabega, miguu, masikio, macho, na akili. Namba 1 uko sawa kabisa, 4 hali ni mbaya. Mimi goti langu lilinipandisha kutoka 1 mpaka 2 upande wa miguu, na hiyo 2 ndiyo wengi wanaidharau, yaani unahesabika mzima, unaweza hata kupelekwa nje, ila kuna vitu hufai kufanya. Ukifika 3 au 4 ya kudumu hayo ni mambo mengine, faili linaenda kukaguliwa waamue kama unabaki kwenye kazi yako, unahamishwa au unaenda nyumbani.

Sasa kwenye ile fomu ya profaili, namba 3349, kuna sehemu mazoezi ya mtihani yameorodheshwa moja moja, daktari anatia alama hili anaweza hili hawezi. Hiyo sehemu isome kabla hujatoka ofisini kwake! Watu wanasoma pale juu palipoandikwa ugonjwa wanaacha hapo, na siku ya mtihani sajenti hana haja na jina la ugonjwa wako, anaangalia alama tu. Kama kukimbia umekatazwa na kutembea hakujakatazwa basi ndugu yangu utatembea.

Na usidhani kutembea ni rahisi. Mtihani wa sasa ni AFT, ulichukua nafasi ya ule wa zamani, ACFT, tarehe 1 Juni 2025, wakatoa lile zoezi la kurusha mpira kwa nyuma, yakabaki matano: kunyanyua chuma mara tatu, pushapu za kuachia mikono, ile ya kukimbia ukiburuta sledi na kubeba vyuma, planki, halafu maili mbili. Asiyeweza kukimbia kwa profaili ya kudumu anapewa mbadala: kutembea maili mbili na nusu, au baiskeli isiyosogea kilomita 12, au kupiga makasia kwenye mashine kilomita 5, au kuogelea kilomita moja. Kwenye kutembea, mguu mmoja lazima uwe unagusa ardhi wakati wote, ukiruka hata kidogo kama unakimbia mwenye saa anakukatisha hapo hapo. Mara ya kwanza nilitembea uwanjani asubuhi ya baridi, wenzangu wamemaliza maili zao wameshavaa majaketi, mimi bado nazunguka peke yangu nyonga zinawaka, na nyuma yangu kuna koplo mdogo ameinama kabisa anatazama soli za viatu vyangu kama fundi anayetafuta pancha. Nilipita, lakini mapaja yaliniuma kuliko siku yoyote ya kukimbia.

Hapo ndipo ugomvi wangu na jeshi unaanzia. Kila zoezi lina alama 100, jumla 500, na kupita ni 60 kwa kila moja. Ila zoezi mbadala halina ngazi, ni kupita au kufeli, ukipita unaandikiwa 60 basi. Tembea kama umefukuzwa na simba, 60. Tembea ukamalize sekunde moja kabla ya muda kuisha, 60. Kwahiyo mtu mwenye goti kama langu hata akipata mia mia kwenye yote manne yaliyobaki, kilele chake ni 460. Halafu mwaka 2025 jeshi likasema mwenye 465 na asiyeshuka chini ya 80 kwenye zoezi lolote anasamehewa kipimo cha mafuta mwilini. Piga hesabu mwenyewe uone nani amefungiwa mlango. Mtu anabeba chuma kuliko kamanda wake lakini bado anazungushiwa utepe kiunoni. Na alama hizi hizi ndizo zinaingia kwenye pointi za kupanda kuwa sajenti.

Najua watasema wakiweka ngazi kwenye kutembea kila mtu atakimbilia kutembea. Atakimbiliaje na hachagui? Anayeamua ni daktari na fomu yake. Weka ngazi, mbona kwenye kukimbia zipo kwa umri?

Kwa sisi wa akiba kuna lingine, na hili wenzetu wa jeshi la kudumu hawalioni. Wao wakiumia Jumanne, Jumatano asubuhi wako kliniki ya kambini. Sisi Jumanne tuko kazini kwetu, wengi wetu nasing homu, unamgeuza mzee wa kilo mia peke yako kwasababu shifti ina watu pungufu, mgongo unalia kwaa, na drili, zile siku zetu za mazoezi ya jeshi, ni wiki mbili mbele. Unaenda kwa daktari wako wa kawaida, anakupa barua nzuri yenye muhuri, unadhani umemaliza. Hiyo barua kwa jeshi ni ushahidi tu, haigeuki profaili mpaka mhudumu wa afya wa kijeshi aiingize kwenye mfumo. Usingoje ile PHA, ukaguzi wa afya wa kila mwaka, ndo uitoe mfukoni, itume mapema na ubaki na kopi.

Na kama umeumia kwenye drili yenyewe, tafadhali dada, tafadhali kaka, usiondoke Jumapili jioni kabla LOD, yaani ile ripoti ya kuthibitisha umeumia ukiwa kazini jeshini, haijaanzishwa, hata kama sajenti anakwambia tutaimaliza mwezi ujao. Bila LOD goti ni lako mwenyewe, na ikifika siku ya bodi ya kukagua faili lako wanakuangalia kama unafaa au hufai, fidia hakuna.

Sasa wapo wanaoficha maumivu. Hawa ndio wananiumiza roho zaidi. Wengi waliingia kwa ile programu ya MAVNI, ya kuandikisha wageni wenye lugha au ujuzi uliohitajika, iliyoanza 2009 ikasimamishwa 2016, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa, na uraia wao ulikuja kupitia jeshi. Basi mtu anaona akienda kwa daktari atatolewa, na akitolewa uraia unaenda. Anakimbia maili mbili kwa vidonge vya maumivu. Sheria inasema uraia huo unaweza kuguswa ukiachishwa kwa njia isiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Kutolewa kwa ugonjwa si aibu wala kosa la nidhamu. Goti bovu halikunyang'anyi pasipoti bana.

Ombi langu kwa makamanda ni dogo. Karatasini nina njia nne za mbadala, lakini yuniti yangu haina baiskeli ya mazoezi wala mashine ya makasia, na bwawa usiniulize, kwahiyo zile nne zinabaki moja, kutembea, hata kwa yule ambaye daktari amemwandikia baiskeli. Mwaka jana mwenzetu mmoja alirudishwa nyumbani bila kupimwa, akaambiwa asubiri drili nyingine, na pale ofisini kuna televisheni mpya ukutani. Nunueni baiskeli.