Ghuba ya Tanga: kina cha meli na kina cha samaki

Kila ikitajwa bandari ya Tanga siku hizi watu wanagawanyika mafungu mawili, la kwanza linasema mji umeamka jamani acheni meli ziingie, la pili linasema bahari inauliwa na wavuvi wanafukuzwa kimyakimya. Mi nina ndugu pande zote mbili, mjomba wangu alipata riziki kwenye matishari, vile vyombo vya kubeba mzigo toka melini mpaka gatini, mpaka amestaafu na upande wa mama wote ni wavuvi wa Sahare, kwahiyo hii ishu siingii kwa ushabiki. Ninavoona mimi wote wanagombania kitu kimoja ila hawakitaji jina, nacho ni kina cha maji.

Ghuba yetu ina maji mafupi. Mto Mkulumuzi unamwaga humohumo, Zigi nao unashusha udongo wa Usambara pale kaskazini ya mji, na maji yakipwa siku za bamvua unaona tope limetandaa mpaka mbali na mikoko mizizi yote iko nje. Kwa meli hilo tope ni balaa. Miaka nenda rudi kina cha gatini kilikuwa kama mita 3 tu, meli kubwa ilikuwa inatia nanga huko nje kama kilomita 1.7, mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa na tagi mpaka gatini, halafu makuli wanaushusha mara ya pili. Mzigo mmoja unahangaikiwa mara mbili na kila mara kuna gharama, siku bahari imechafuka kazi inasimama, sasa mfanyabiashara wa Moshi au Arusha kwanini asiangalie bandari nyingine wakati huku ndo karibu? Serikali ikaweka shilingi bilioni 429.1, kina kikachimbwa mpaka mita 13 na gati zikajengwa zenye urefu wa mita 450, saivi meli inafunga gatini kabisa. Kusema hilo halina faida ni kuwakosea vijana wanaopata kibarua pale.

Ila tope lilelile lililokuwa linazizuia meli ndo linalolea samaki. Kamba wanakulia kwenye mikoko, watoto wa changu na tasi wanajificha kwenye majani ya bahari, na majani yale yanataka jua lifike chini. Ukichimba, maji yanachafuka, vumbi la udongo linaenda kukaa juu ya majani na matumbawe, yanakosa mwanga. Mvuvi wa dau la tanga hana injini ya kumpeleka mkondo mkuu wa Pemba, anategemea hayo maji mafupi, kwahiyo akisema samaki wamehama msimwambie anapinga maendeleo, anaongelea jiko lake.

Upande wa wavuvi nao kuna hoja naisikia sana ambayo siikubali, kwamba ghuba ilikuwa ya wavuvi tu mpaka hawa wa mradi walipokuja. Hapana. Kisiwa cha Toten pale mbele ya mji kina magofu ya misikiti na makaburi ya watu walioishi wakati Tanga hii ya mjini bado, na walikuwa wanafanya biashara. Wajerumani wakaanza reli mwaka 1893 kuelekea Usambara kwa sababu ya hii ghuba, mwaka huohuo mkonge ukaletwa nchini, na 1914 Waingereza wakashuka Ras Kazone na jeshi lao wakiitaka bandari hiihii wakapigwa wakarudi melini. Na uchafu haukuanza jana. Jani la mkonge ukilisaga unapata nyuzi kama asilimia 4 au chini ya hapo, zilizobaki zote ni takataka na maji makali, miaka mingi yameshuka mitoni mpaka baharini na hakuna aliyepiga kelele kwa kuwa mkonge ndo ulikuwa unalisha mji.

Na kuna la uvuvi wa baruti, hili linaniuma kulisema ila ntalisema. Sisi wenyewe wana Tanga tumeua miamba yetu. Bomu moja linaua wakubwa na wadogo, wengi wanazama hata hawaokotwi, na mwamba unabaki kifusi, kuota tena ni miongo. Doria zimepunguza sana, lakini mtu aliyenyamaza wakati kijiji kizima kinajua nani anapiga, leo akisimama kulaumu mashine ya kuchimba kina peke yake mi namuona hajamaliza hesabu.

Lipo pia la silikanti, samaki ambao dunia nzima iliamini wametoweka toka enzi za dinosaria mpaka akapatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 wakawa wananaswa huku kwetu kwenye majarife, nyavu kubwa zinazotegwa maji marefu, wengi tu, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kutoka huku mpaka karibu na Pangani. Yani kwenye eneo hilohilo kuna hifadhi na kuna bandari, na mvuvi yupo katikati, huku anaambiwa jarife usitege, kule anaambiwa hapa njia ya meli.

Hapo ndo penye kiini cha malalamiko. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa hapa pwani ya Tanga. Fidia ya ardhi inajua kuhesabu nyumba, minazi na miembe. Bahari haina hati. Mtu ambaye babu yake alikuwa anatega madema, mitego ya samaki, sehemu ileile hana karatasi ya kuonesha, na gati la kupakia mafuta likipita hapo anaweza asipate kitu kwa sababu hana cha kuthibitisha. Mafuta yenyewe ni mazito, bomba lazima lipashwe moto kama nyuzi 50 ndo yatembee, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, kusi na kaskazi, maana yake yakimwagika Chongoleani wa kwanza kuyaona ni watu wa Mkinga na Moa, ambao kwenye vikao vya mjini hawaonekani kabisa.

Kwahiyo mi naunga mkono bandari, na naunga mkono wavuvi wanaodai, sioni ugomvi hapo. Kinachotakiwa ni BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za Sahare, Chongoleani na Deep Sea zianze daftari sasa hivi, kila dau limevua wapi, nini, kilo ngapi, msimu gani, lipigwe muhuri wa kijiji au mtaa. Siku mvuvi akiulizwa alikuwa na nini pale baharini, alifungue mezani.